Ukiitwa Ofisini, Fikiri Kabla ya Kusema Ndiyo



Katika viwanda vya hapa Luzira na Port Bell, na huko mashambani kwenye chai na miwa ambako wenzetu wengi husomewa kurasa hizi jioni, kuna jambo linalowatoa watu kazini bila wao kuwa na kosa. Jambo hilo ni jibu la haraka kwa swali gumu. Mtu hakuiba, hakuvunja mashine, hakulala kwenye zamu. Aliitwa akiwa amechoka, akaulizwa, akajibu kwa hofu au kwa heshima, na jibu lake likaandikwa. Wiki inayofuata yuko nje ya geti na barua mkononi.

Barua hizo huletwa kwetu sisi wa chama. Tukisoma maandishi ya kikao, mara nyingi tunakuta kwamba mfanyakazi mwenyewe amekubali jambo ambalo hakulifanya. Hapo kazi ya kumtetea inakuwa nzito, maana jibu likishatiwa sahihi halifutiki kwa maneno ya barazani. Kwa hiyo tumeona inafaa tuzungumze juu ya namna ya kujibu, ili mwenye haki asiipoteze kwa mdomo wake mwenyewe.

SWALI GUMU NI LIPI?

Maswali mengi ya kazini si magumu. Msimamizi akiuliza umemaliza kufunga maboksi mangapi, unahesabu na kumjibu. Swali gumu ni lile ambalo jibu lake laweza kuondoa mkate wako au mkate wa mwenzako. Tumeyasikia mengi: Nani alikuwa na funguo za stoo? Kwa nini mashine ilisimama? Kwa nini kilo zako zimepungua mwezi huu? Kwa nini hukuvaa glavu? Nani anawachochea wenzako wafanye kazi polepole?

Tazameni vizuri maswali haya. Baadhi yake yana shitaka ndani. Mtu akikuuliza, "Kwa nini uliiacha mashine mpaka ikaungua?" amekwisha kusema kwamba wewe uliiacha, na kwamba iliungua kwa sababu hiyo. Ukianza kueleza "kwa nini", umekubali yote mawili bila kujua. Swali la namna hiyo ni kama kifurushi kilichofungwa. Lifungue kwanza, utazame kilichomo, ndipo ujibu.

"YEE SSEBO" SI KUKIRI KOSA

Sisi wa Luzira tunatoka pande zote. Kwenye mstari mmoja wa kufunga bidhaa utamkuta mtu wa Masaka, mtu wa Tororo, mtu wa Arua, mtu wa Busia na mtu wa Gulu. Kila mmoja amelelewa kumheshimu mkubwa anayesema naye. Katika Buganda mkubwa akizungumza, mdogo huitikia "Yee ssebo" au "Yee nnyabo" kila baada ya maneno machache. Wenye Kiswahili husema "Ndiyo mzee" au "Naam bwana". Maana yake mara nyingi ni kwamba nakusikia, endelea kusema. Lakini karani anayeandika hana mahali pa kuandika heshima. Anaandika: amekubali.

Kiswahili chenyewe nacho kina historia yake hapa Uganda. Wengi wetu tulikisikia kwanza vinywani mwa askari. Swali likiulizwa kwa Kiswahili cha amri, mtu huogopa kabla hajaelewa anaulizwa nini. Na likiulizwa kwa Kiingereza cha haraka, anaona aibu kusema kwamba hakuelewa.

Tutoe mfano mmoja, bila kukitaja kiwanda. Mwenzetu mmoja, mtu mzima mwenye watoto sita, alitunza stoo zamu ya usiku kwa miaka minane bila barua hata moja ya onyo. Asubuhi moja maboksi kadhaa hayakuonekana. Akaitwa ofisini saa moja, hajalala wala hajanywa chai. Meneja aliuliza kwa Kiingereza na karani akaandika.

"Ulikuwa na funguo za stoo?"

"Yee ssebo."

"Maboksi yalipotea katika zamu yako?"

"Yee ssebo."

"Kwa hiyo unafahamu jinsi yalivyopotea?"

"Yee ssebo."

Wakampa karatasi akatia sahihi. Saa sita mchana alikuwa nje ya geti.

Alipotufikia jioni tulimwomba aeleze polepole, kwa lugha yake. Ndiyo ya kwanza ilikuwa kweli, lakini nusu tu: funguo alikuwa nazo mpaka saa nne usiku, kisha msimamizi akazichukua, na kitabu cha funguo kilichoko getini kilikuwa na sahihi ya kuzipokea. Ndiyo ya pili ilikuwa kuitikia tu. Ndiyo ya tatu alidhani anaulizwa kama ameelewa uzito wa jambo lile.

Shauri lilikwenda kwa Ofisa wa Kazi. Kitabu cha geti kililetwa, kikasomwa, na ukweli ukaonekana. Mwenzetu alilipwa haki zake. Lakini ilikuwa imepita miezi mitano, watoto walikuwa wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine. Kitabu kile kilikuwa hatua hamsini kutoka kwenye kiti alichokalia asubuhi ile. Maneno manne yangetosha: tazameni kitabu cha funguo.

SHERIA INASEMAJE

Watu wengi hudhani kwamba kusikilizwa ni hisani ya tajiri. Sivyo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006, katika kifungu kilichopewa namba 66, inamwamuru mwajiri mambo manne kabla hajaamua kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kazi mbovu.

La kwanza, amweleze mfanyakazi sababu inayofanya afikirie kumfukuza, kwa lugha ambayo mfanyakazi anatazamiwa kuielewa. La pili, amjulishe kwamba ana haki ya kuwa na mtu mwingine pale, mtu aliyemchagua yeye mwenyewe. La tatu, awape wote wawili muda wa kutosha kutayarisha maelezo yao. La nne, ayasikilize maelezo hayo na kuyafikiria kabla ya kuamua.

Mwajiri asipofuata utaratibu huu, sheria inamtaka alipe mshahara wa wiki nne, baada ya makato, hata kama sababu ya kumfukuza mtu ilikuwa ya haki. Maana yake ni kwamba kusikilizwa ni haki inayosimama peke yake. Hata mwenye kosa anayo.

Namba za vifungu zimesogea katika mkusanyo mpya wa sheria ulioanza kutumika Julai 2024. Kwa hiyo mkifika ofisini msibishane juu ya namba. Tajeni jambo lenyewe: haki ya kuelezwa na kusikilizwa kabla ya kufukuzwa.

Angalieni pia neno "lugha". Sheria haikutaja Kiingereza. Ikiwa unaelewa Kiswahili, Luganda, Lusoga au Acholi, una haki ya kudai uelezwe katika lugha unayoielewa. Hakuna aibu. Kiswahili chenyewe kiliwekwa katika Katiba kuwa lugha ya pili rasmi ya nchi kwa mabadiliko ya mwaka 2005. Mtu anayesema, "Bwana Meneja, naomba swali hilo kwa Kiswahili," haombi upendeleo.

Lakini tusidanganyane. Sheria hii haisemi kwamba kila swali la msimamizi penye mashine lazima lisubiri mwakilishi. Akikuuliza juu ya kazi unayofanya, mjibu. Kukataa kumjibu msimamizi juu ya kazi yako kwaweza kuwa kosa jingine. Haki ya kuwa na mwenzako inaanza pale ambapo mazungumzo yanaelekea kwenye adhabu. Ukiona karani ameitwa, karatasi imetandazwa na mlango umefungwa, fahamu kwamba umefika hapo.

WENZETU WA NCHI NYINGINE

Haki hii haikuzaliwa Uganda peke yake. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 158 mwaka 1982, unaosema kwamba mfanyakazi asiachishwe kazi kwa sababu ya mwenendo wake au kazi yake kabla hajapewa nafasi ya kujitetea. Uganda iliuridhia mwaka 1990. Kenya, katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri aeleze sababu kwa lugha inayoeleweka, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Tanzania ilitoa kanuni za utendaji bora mwaka 2007, na humo muda wa kujitayarisha kwa kikao kwa kawaida haupungui saa 48.

Huko Marekani haki hii ilipatikana kwa sababu ya vipande vinne vya kuku. Mwaka 1972, mjini Houston katika jimbo la Texas, mama mmoja aliyeuza chakula katika duka la kampuni ya J. Weingarten aliitwa na kuhojiwa. Alishitakiwa kwamba alichukua boksi la kuku la karibu dola tatu akalipa dola moja. Mara kadhaa aliomba mwakilishi wa chama aitwe, wakamkatalia. Akaeleza kwamba alinunua vipande vinne tu kwa dola moja, na akavitia katika boksi kubwa kwa sababu madogo yalikuwa yamekwisha. Wakachunguza wakakuta ni kweli.

Mambo yangekwisha hapo. Lakini mama yule, kwa uchungu, alianza kulia akasema kwamba kitu pekee alichowahi kupata bure dukani ni chakula chake cha mchana. Papo hapo maswali yakaanza upya, juu ya chakula hicho. Wakaandika karatasi kwamba anadaiwa kama dola 160 wakamtaka atie sahihi. Akakataa. Baadaye ilionekana kwamba karibu wote katika sehemu ile, pamoja na meneja wao, walikuwa wakila chakula cha mchana bila kulipa.

Chama chake kililipeleka shauri mbele, na tarehe 19 Februari 1975 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi ile iliamua kwamba mfanyakazi mwenye chama, akiona kwa haki kwamba mahojiano yaweza kumletea adhabu, ana haki ya kuomba mwakilishi wake awepo. Mpaka leo wafanyakazi wa Marekani wanaita haki hiyo kwa jina la duka lile.

Sisi tunapata mafunzo mawili hapo. Mtu asiye na kosa, akiwa peke yake na kulia, aweza kujifungulia shitaka jipya kwa maneno ambayo hakuulizwa. Na mtu huyo huyo, kwa kukataa kutia sahihi asichokikubali, alijiokoa.

NAMNA YA KUJIBU

Haya tunayoandika hapa tumeyaona yakifanya kazi.

Sikiliza swali mpaka mwisho. Usianze kujibu katikati. Likiisha, vuta pumzi. Hakuna sheria inayosema jibu litoke kabla ya sekunde moja.

Kama hukuelewa, sema hukuelewa. "Naomba urudie, Bwana Meneja. Nataka nijibu sawasawa." Maneno hayo yana heshima, na hakuna anayeweza kuyaandika kuwa ni ukaidi.

Kama swali lina shitaka ndani, lifungue. Ukiulizwa, "Kwa nini uliiacha mashine mpaka ikaungua?" jibu hivi: "Sikuiacha. Nilikuwa hapo mpaka saa tisa. Niliona moshi, nikazima, nikamwita fundi." Umeondoa shitaka kwanza, kisha umeeleza ulichofanya, na umetaja saa.

Sema ulichokiona kwa macho yako na ulichokifanya kwa mikono yako. Ulichosikia kutoka kwa watu chini ya mwembe kiache huko. Mtu akisema "nadhani ni fulani", ameweka jina la mwenzake kwenye karatasi bila ushahidi, na kesho mwenzake atafanya vivyo hivyo.

"Sijui" ni jibu. "Sikumbuki mpaka nitazame kitabu" pia ni jibu. Vitabu vya kazi viko vingi: kitabu cha zamu, kitabu cha geti, kadi ya saa, karatasi ya mizani. Taja kile kinachohusika na uombe kiletwe. Kitabu hakiogopi meneja.

Usitukane wala usipige meza. Mtu mwenye haki akitukana, haki yake inawekwa kando na tusi ndilo linaloandikwa. Tumeona watu waliokuwa wameshinda shauri la kwanza wakafukuzwa kwa shauri la pili, lile la matusi.

Ukiona mambo yanaelekea kwenye adhabu, omba mambo mawili, mwenzako na muda: "Niko tayari kujibu. Naomba mwakilishi wetu awepo, na naomba muda wa kujitayarisha." Usiseme kwamba hutajibu. Sema kwamba utajibu.

Mwisho, usitie sahihi karatasi usiyosomewa ukaielewa. Kama kuna jambo hukusema, liandikwe upya au uandike chini yake kwamba hukubali sehemu hiyo. Ukilazimishwa kutia sahihi kwamba umepokea barua, andika "nimepokea tu" pamoja na tarehe na saa. Kwa asiyejua kuandika ni vivyo hivyo: dole gumba lina nguvu sawa na kalamu. Lisiguse wino kabla maandishi hayajasomwa kwa sauti mbele ya mwenzako.

SWALI KUHUSU WENZAKO

Swali gumu kupita yote ni lile linalokutaka umtaje mwenzako. Katika kiwanda kimoja kazi ya kufunga bidhaa ilipungua. Mama mmoja akaitwa na kuulizwa, "Ni nani anayewachochea?" Alijibu hivi: "Bwana Meneja, mimi nitajibu juu ya kazi yangu. Wengine waulizwe wenyewe, mwakilishi wao akiwepo. Kuhusu kazi kupungua, nina daftari." Akatoa daftari la shule alilolinunua dukani, ameandika kila siku saa ambazo mashine ya kufunga ilisimama. Mchana wa siku moja ilikuwa imesimama mara saba. Meneja alilichukua daftari akalisoma, akamwita fundi mkuu. Habari ya uchochezi haikutajwa tena.

Mama yule hakumficha mhalifu, kwa maana hakukuwa na uhalifu. Alikataa kubahatisha, akaleta hesabu.

Vivyo hivyo mashambani. Mchuma chai akiulizwa kwa nini kilo zimeshuka, jibu la "sijisikii vizuri" halimsaidii kama sababu yenyewe ni kwamba michai ya sehemu yake ilipogolewa mwezi uliopita na majani bado machache. Ataje sehemu, ataje lini ilipogolewa, aombe karatasi za mizani za majirani zake zitazamwe. Mkata miwa naye ataje urefu wa mstari aliopewa na hali ya miwa yenyewe, kama ilianguka au ilisimama.

BARUA YA KUJIELEZA

Siku hizi waajiri wengi huuliza kwa barua. Unaambiwa ujieleze kwa maandishi kwa nini usichukuliwe hatua, na mara nyingi muda unaotolewa ni mfupi. Barua hiyo si ya kutupwa, wala si ya kujibiwa usiku huo huo kwa hasira.

Ilete kwa mwakilishi siku hiyo hiyo. Kama muda hautoshi, jambo la kwanza ni kuandika barua fupi ya kuomba muda. Kisha andika maelezo kwa utaratibu: tarehe, saa, mahali, ulichokuwa ukifanya, nani alikuwepo, kitabu gani kinathibitisha. Ukurasa mmoja watosha. Usiandike habari ya ukoo wa meneja wala makosa ya watu wengine ya mwaka juzi. Weka nakala, na nakala hiyo itiwe sahihi ya aliyeipokea.

Mahakama Kuu ya Uganda, katika shauri lililofunguliwa mwaka 2012 dhidi ya Umeme, kampuni iliyokuwa ikisambaza umeme nchini, ilieleza kikao cha haki kinavyotakiwa kuwa: mtu apewe mashitaka yake kwa maandishi, apewe muda, ajulishwe haki zake, aruhusiwe kujibu kwa mdomo au kwa barua, afuatane na mtu wake, awaulize maswali mashahidi, na wanaomsikiliza wasiwe na upande. Kwa hiyo wewe pia una haki ya kuuliza. Kikao si mahali pa kujibu tu.

Ukisimamishwa wakati uchunguzi unaendelea, sheria ya 2006 inaruhusu ulipwe nusu mshahara, lakini kusimamishwa huko kusizidi wiki nne. Na ukifukuzwa bila haki, peleka malalamiko kwa Ofisa wa Kazi ndani ya miezi mitatu. Haki hiyo ni ya mtu aliyefanya kazi mfululizo kwa wiki 13 au zaidi. Wenzetu vibarua nao wafahamu kwamba kanuni za ajira za mwaka 2011 zinakataza mtu kuwekwa kibarua zaidi ya miezi minne. Baada ya hapo anastahili mkataba wa maandishi.

UKIUMIA KAZINI

Mtu aliyeumia huulizwa maswali akiwa bado kitandani. "Kwa nini hukuvaa glavu?" Naye kwa kuogopa kunyimwa fidia husema uongo kwamba alivaa. Uongo huo ukigunduliwa, hata maneno yake ya kweli hayaaminiwi tena.

Sababu ya kusema uongo haipo. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2000 inasema fidia hulipwa hata kama kuumia kulitokana na uzembe wa mfanyakazi mwenyewe. Na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila malipo. Kwa hiyo jibu la kweli ni bora: "Sikuvaa kwa sababu zilizokuwepo zilipasuka, na tuliomba nyingine." Hapo swali linageuka, linamwelekea yule aliyeombwa.

KAMA UMEKOSA KWELI

Kuna mwenzetu atakayeuliza: na aliyekosa kweli je? Chama hakitetei wizi. Mtu aliyechukua mali asitutazamie tumtungie hadithi. Lakini makosa mengi ya kazini si wizi. Mtu amechelewa, amesahau kufunga vali, amelala dakika kumi usiku wa tatu mfululizo. Huyo amweleze mwakilishi wake ukweli wote, kisha ofisini akubali lile alilofanya, lile tu, na aeleze sababu: miaka aliyofanya kazi, rekodi yake safi, mgonjwa aliyekuwa nyumbani, zamu alizoongezewa. Kukubali kosa dogo kwa ukweli mara nyingi huishia kwenye onyo. Kulikana kwa uongo huishia getini.

NENO KWA WASIMAMIZI

Wasimamizi wengi walitoka miongoni mwetu, na wengine bado wanalipa ada ya chama. Tunawaambia kindugu: swali zuri huleta jibu zuri. Ukimwuliza mtu mwishoni mwa zamu ya usiku, kwa kelele, mbele ya vijana wake, utapata ndiyo isiyo na maana, na mwizi wa kweli atabaki kiwandani. Mwache alale, mwite mchana, mpe kiti, sema kwa lugha yake. Kiwanda hakipati hasara kwa kufanya hivyo.

NA SISI TUULIZWE

Tusiwe watu wa kuwafundisha wengine tu. Mwanachama naye ana maswali magumu kwetu. Ada yetu inakatwa kila mwezi, inakwenda wapi? Mbona mkataba umechelewa? Mlikuwa wapi fulani alipofukuzwa? Mwakilishi akikasirika akasema, "Wewe umetumwa na tajiri," huyo amejibu kwa hofu, sawa na yule aliyesema ndiyo asiyoelewa.

Dawa ni ile ile. Sikiliza mpaka mwisho. Leta kitabu cha fedha, kisomwe mbele ya watu. Kama hujui, sema, "Sijui, nitauliza makao makuu, nitawajibu Jumamosi," na Jumamosi ufike hata kama jibu ni chungu. Chama kisichoweza kujibu wanachama wake hakina uso wa kumdai meneja majibu.

Basi, ndugu zetu, kateni sehemu ya "Namna ya Kujibu" muibandike mahali pa kubadilishia nguo. Asiyejua kusoma asomewe. Mkutano ujao wa tawi tutaketi wawili wawili, mmoja awe meneja na mwingine mfanyakazi, tuulizane maswali haya mpaka ulimi uzoee. Kujibu vizuri ni kazi ya kujifunza kama kuendesha mtambo, na hakuna mtu anayeachiwa mtambo siku ya kwanza bila kuonyeshwa.

Umoja ni nguvu.